Lakshmi, Saraswati na Annapurna kwa Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Miungu wa Kike wa Kihindu na Maana ya Utajiri

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikikaribia, wazazi na walimu huanza kuuliza. Maswali mengine hutoka kwa watoto wenyewe, na hayo ndiyo magumu zaidi. Majibu haya yameandikwa kwa familia za Kihindu zinazolea watoto kwa Kiswahili, lakini jirani au mwalimu wa dini nyingine asione kwamba hayamhusu.

Lakshmi ni nani, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka mitano ataelewa?

Mwambie ni Mama anayeleta neema nyumbani. Kisha mwonyeshe picha. Lakshmi amekaa au amesimama juu ya yungiyungi, ana mikono minne, na mara nyingi ndovu wawili wanammiminia maji. Mikono miwili imeshika maua. Mmoja umeinuliwa, kiganja kikitutazama, ishara ya kusema "usiogope". Wa nne unamwaga sarafu.

Muulize mtoto ameona mkono gani kwanza. Karibu wote huuona ule wa sarafu, na hakuna haja ya kumkosoa kwa hilo. Muulize swali la pili: sarafu zinakwenda wapi? Zinashuka. Kiganja kiko wazi, hakuna ngumi, hakuna mfuko. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake, nusu ya kazi yenu imekwisha.

Akifika miaka kumi hivi, mweleze kwamba mikono minne huhesabiwa pia kuwa malengo manne ya maisha katika mafundisho ya Kihindu: dharma, yaani wajibu na uadilifu, artha, mali na riziki, kama, raha na mapenzi, na moksha, kukombolewa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa.

Basi tumfundishe mtoto kwamba pesa si kitu?

Hapana. Hilo ni kosa la wazazi wenye nia njema. Artha imo katika yale malengo manne, na haikuwekwa humo kwa bahati mbaya. Nyumba inahitaji chakula, mgonjwa anahitaji dawa, hekalu linahitaji mafuta ya taa. Mtoto anayeambiwa pesa ni uchafu huku akimwona baba yake akiamka alfajiri kuzitafuta atajua tu kwamba wakubwa wanasema wasichokiamini. Mafundisho yanachodai ni kwamba artha itembee chini ya dharma: mali ipatikane kwa haki na itumike kwa haki.

Tuanze na hadithi gani?

Kukorogwa kwa Bahari ya Maziwa. Ina nyoka, mlima, sumu na kobe mkubwa, kwa hiyo hakuna mtoto atakayesinzia. Lakini msianzie katikati kama wengi wanavyofanya. Anzeni na shada la maua.

Mtawa Durvasa, mtu mwepesi wa hasira, alimpa Indra, mfalme wa miungu, shada la maua. Indra akaliweka juu ya kichwa cha ndovu wake, ndovu akalitupa chini. Durvasa akamlaani: neema yako yote itakutoka. Lakshmi akaondoka. Mimea ikanyauka, watu wakaacha kutoa, miungu wakaishiwa nguvu na asura, mahasimu wao, wakawashinda.

Vishnu, mungu anayelinda ulimwengu, akawapa ushauri ambao hawakuupenda: fanyeni kazi pamoja na hao hao mahasimu. Mlima Mandara ukawa mti wa kusukia, nyoka Vasuki akawa kamba, upande mmoja miungu na upande mwingine asura. Mlima ulipoanza kuzama, Vishnu akageuka kobe akaubeba mgongoni. Wakasuka, wakasuka. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, kilichotoka kwanza kilikuwa sumu kali, Halahala. Shiva akainywa ili kuokoa ulimwengu, akaizuia kooni, na ndiyo sababu koo lake huchorwa la buluu. Vikafuata vitu vya thamani kimoja baada ya kingine, akiwemo Lakshmi mwenyewe juu ya yungiyungi. Akawatazama wote waliokuwapo, akamvisha Vishnu shada.

Sasa muulizeni mtoto: nani alimfanya Lakshmi aondoke? Indra. Alikuwa maskini? Hapana, alikuwa mfalme. Alikuwa mvivu? Hadithi haisemi hivyo. Alidharau zawadi aliyopewa na mtu asiye na kitu. Tena angalieni Lakshmi alirudi vipi: kwa jasho, kwa kushirikiana na watu wasiopendana, na baada ya mtu mmoja kukubali kuimeza sumu kwa niaba ya wengine. Watoto wakubwa hupenda kubishana kuhusu nani humeza sumu hiyo katika familia yao. Waacheni wabishane.

Bundi ni ndege wa uchuro. Kwa nini Lakshmi anaonekana naye?

Swali hili huulizwa sana na watoto waliolelewa pwani au bara huku kwetu, ambako bundi akilia juu ya paa kuna mtu atakayesema msiba unakuja. Bundi ni kipando cha Lakshmi hasa katika sanamu za Bengal. Sehemu nyingine za India mtaona ndovu na yungiyungi tu, hakuna bundi kabisa.

Maelezo ni mengi. Wengine husema bundi hula panya wanaomaliza mpunga, na Lakshmi ndiye mwenye mpunga. Wengine huhusisha na usiku wa mwezi mpevu wa Kojagari, kabla ya Diwali, ambapo Lakshmi husemekana kupita nyumba kwa nyumba akiuliza: nani yu macho? Ndege wa usiku anafaa safari hiyo. Wapo pia wanaosema bundi huona gizani na kupofuka mchana, na kwamba ni onyo kwa wenye mali, kwani mali humpofusha mtu mchana kweupe. Hili la mwisho ndilo ninalopenda kuwapa watoto wa darasa la tano kwenda juu, kwa sababu hawalisahau.

Kojagari ya Bengal ina jambo jingine zuri kwa watoto: nyayo ndogo za Lakshmi zinazochorwa sakafuni kwa uji mweupe wa mchele, kuanzia mlangoni kuingia ndani. Angalieni nyayo zielekee ndani. Mtoto akizichora kinyume, bibi atashtuka.

Mwanangu aliniuliza: "Kama Lakshmi ndiye anayetoa mali, yule mama anayeuza mchicha hapendwi?"

Mshukuruni mtoto kwa swali hilo, kisha mkae chini, maana halijibiwi huku mnatafuta funguo za gari.

Liko jibu la haraka ambalo baadhi ya wakubwa hulitoa: kwamba maskini anavuna alichopanda katika maisha yaliyopita. Fundisho la karma ni pana na lina nafasi yake, lakini ukimpa mtoto wa miaka minane kipande hicho peke yake, atamtazama muuza mchicha kwa jicho la hakimu. Nashauri msimpe. Mwambieni ukweli anaoweza kuuona: kodi ya chumba, ada ya shule, mvua iliyogoma, mume aliyeugua. Halafu msimulieni kisa cha Shriya.

Katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, kuna mji wa Puri wenye hekalu kubwa la Jagannath, sura mojawapo ya Vishnu. Anaabudiwa humo pamoja na kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, na Lakshmi ni mke wake. Kila Alhamisi ya mwezi wa Margashirsha, kati ya Novemba na Desemba, wanawake wa Odisha husafisha nyumba, huchora sakafu kwa mchele, na husoma kisa hiki.

Asubuhi moja Lakshmi alitoka kutembelea mji. Kwa matajiri akakuta watu wamelala na ua haujafagiwa. Pembezoni mwa mji aliishi Shriya, mwanamke wa Wachandala, tabaka ambalo watu wa matabaka ya juu hawakutaka hata kuligusa. Ua wake ulikuwa umefagiwa, umepakwa samadi, umechorwa, na taa inawaka. Lakshmi akaingia akaketi. Balabhadra akaliona hilo, akakasirika, akamwamuru mdogo wake: mke wako amejitia najisi, asirudi humu ndani.

Lakshmi hakubembeleza. Aliondoka, na chakula kikaondoka naye. Jiko likawa tupu, ghala tupu. Ndugu wawili, miungu wakubwa, wakatoka kuombaomba, na kila aliyetaka kuwapa akakuta hana cha kuwapa. Miaka kumi na miwili. Mwishowe wakafika kwenye nyumba moja kando ya bahari, wakasikia harufu ya wali. Wakaambiwa nyumba hii ni ya Mchandala. Wakasema basi tupeni vyakula vibichi tupike wenyewe. Moto ukakataa kuwaka. Njaa ikawa imeshinda kiburi: wakakubali kula chakula kilichopikwa kwa mikono waliyoikataa. Mwenye nyumba alikuwa Lakshmi.

Alikubali kurudi kwa sharti moja, kwamba Puri watu wa matabaka yote wale pamoja. Na hadi leo chakula kitakatifu cha hekalu hilo, mahaprasad, huliwa hivyo katika soko la Ananda Bazar, bila kuulizana tabaka.

Kisa hiki hakisemi Shriya alitajirika kwa sababu alifagia ua. Kinasema Lakshmi aliona nyumbani kwake pa kukaa. Kwa swali la mwanao hilo linatosha, na kesho yake mkipita kwa yule mama wa mchicha, msipunguziane bei mbele ya mtoto hadi senti ya mwisho.

Kwa nini picha ya Diwali ina Ganesha, Lakshmi na Saraswati pamoja?

Kwa sababu mali bila akili na elimu haikai. Ganesha huondoa vikwazo, na huombwa kwanza kabla ya jambo lolote. Saraswati, mwenye mavazi meupe, ala ya nyuzi iitwayo vina na kitabu mkononi, ni mungu wa elimu, muziki na usemi. Kuna imani ya mitaani kwamba Lakshmi na Saraswati hawaelewani, ndiyo maana wasomi wengi hawana pesa. Walimu huicheka imani hiyo kwa uchungu kidogo.

Kusini mwa India, nyusiku tisa za Navaratri hugawanywa tatu kwa Durga, tatu kwa Lakshmi, tatu kwa Saraswati: ujasiri, riziki, elimu. Nyumba za Kitamil hupanga wanasesere juu ya ngazi, na miongoni mwao huwamo mwenye duka na mkewe, mbele yao vibakuli vidogo vya mchele na dengu. Kama mna watoto wadogo, tengenezeni duka hilo. Waacheni wauze, wakopeshe, wagawe.

Annapurna ni nani?

Ni Parvati, mke wa Shiva, katika sura ya mwenye chakula. Hushika bakuli na upawa. Husimuliwa kwamba Shiva alimwambia mkewe kuwa ulimwengu wote ni kiinimacho, hata chakula. Parvati akasema sawa, akatoweka, na chakula kikatoweka naye. Baada ya njaa ya kutosha ikasikika habari kwamba Kashi, yaani Varanasi, kuna jiko limefunguliwa. Shiva akaenda na bakuli lake, akapanga foleni, akapakuliwa. Watoto hucheka sana hapo, na wanawake wazima hucheka zaidi.

Kwetu babu hubariki daftari la hesabu siku ya Diwali. Lina uhusiano gani na mungu wa kike?

Hiyo ni Chopda Pujan, desturi ya wafanyabiashara wa Gujarat iliyovuka bahari nao hadi Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Daftari jipya, kwa desturi lenye jalada jekundu, huwekwa mbele ya Lakshmi. Ukurasa wa kwanza huandikwa "Shri", jina jingine la Lakshmi, tena na tena kwa umbo la piramidi, pamoja na maneno Shubh na Labh, heri na faida. Siku hizi hata kompyuta ya mkononi hupakwa alama nyekundu. Kesho yake ni mwaka mpya wa Kigujarati. Watu hutakiana "Sal Mubarak" na watoto hupewa noti mpya. Maduka mengi hufunguliwa rasmi siku ya Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka huo.

Wahenga wa Kiswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na babu yako angekubali kila neno. Lakini daftari lina kazi zaidi ya kuzuia wizi. Linaandika nani anakudai na nani unamdai, na pesa imetoka wapi.

Hapo pa "imetoka wapi" msipakwepe kwa watoto wa sekondari. Karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa wafanyabiashara Wabhatia kutoka Kutch, maarufu zaidi akiwa Jairam Shivji. Forodha hiyo ilitoza ushuru karafuu na pembe za ndovu, na ilitoza pia watumwa, mpaka biashara hiyo ya baharini ilipopigwa marufuku kwa mkataba wa 1873. Madaftari ya zama hizo nayo yalifunguliwa kwa jina la Lakshmi. Kijana anayesoma historia atalijua hili shuleni. Afadhali alisikie kwanza nyumbani, na aulize artha ile ilikuwa chini ya dharma gani.

Kwa watoto wadogo, wanunulieni daftari lao. Siku ya Diwali waandike Shri juu, kisha upande mmoja walichopokea mwaka huo na upande mwingine walichotoa. Kuazima baiskeli kunahesabiwa. Kufundishwa kuogelea na binamu kunahesabiwa.

Mtoto akitoa sadaka, tumwambie Lakshmi atamrudishia?

Afadhali msimwambie. Najua hadithi ya Shankara inavyotumiwa: mtawa kijana alibisha hodi kwa mwanamke fukara, mwanamke akakosa cha kumpa isipokuwa tunda moja la amla, akampa hilo hilo kwa aibu. Shankara akamwimbia Lakshmi, na matunda ya dhahabu yakanyesha uani. Ni hadithi nzuri. Tatizo ni kwamba mtoto mwerevu husikia hesabu: tunda moja ndani, dhahabu nje. Msimamisheni kabla ya mvua ya dhahabu, mumuulize mwanamke yule alijua kitakachotokea? Hakujua. Alitoa cha mwisho akidhani ndiyo basi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Je, kweli kucheza kamari usiku wa Diwali huleta baraka?

Familia nyingi hucheza karata usiku huo, na huhusishwa na kisa cha Shiva na Parvati kucheza dadu. Kucheza kwa peremende na bibi ni jambo moja. Lakini kijana wa leo ana mkeka wa kubeti ndani ya simu, na akisikia kwamba Lakshmi hubariki dau, mmempa dini ya kujitetea nayo. Msimpe.

Limao na pilipili zinazoning'inia mlangoni mwa duka ni za nini?

Ni za Alakshmi, dada mkubwa wa Lakshmi, mwenye dhiki na ugomvi. Yeye hupenda vitu vikali na vichachu, kwa hiyo huwekewa nje ili ale, ashibe, aondoke bila kuingia. Husimuliwa kwamba dada hao wawili walimbana mfanyabiashara aseme nani mzuri zaidi. Akajibu: Lakshmi hupendeza anapoingia, na Alakshmi hupendeza anapotoka. Wote wakaridhika.

Majirani huwauliza watoto wetu: mnaabudu miungu wangapi?

Mpe mtoto jibu fupi analoweza kulisema bila kugombana: "Nyumbani kwetu tunaamini Mungu ni mmoja na ana sura nyingi, na sisi humwita Mama pia." Si Wahindu wote husema hivyo. Wako wanaomwona Mungu wa Kike kuwa ndiye mkuu wa vyote, na wako wanaomfuata Vishnu au Shiva pekee. Mtoto aseme ya nyumbani kwao, asizungumze kwa niaba ya Wahindu wote duniani.

Ninafundisha darasa lenye Waislamu na Wakristo. Naweza kusimulia hadithi hizi?

Unaweza. Kenya ina hata somo la dini ya Kihindu katika mtaala wa shule. Kusikia hadithi si ibada. Kuzungusha taa mbele ya sanamu, kupakwa alama kwenye paji la uso na kula prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu, ni ibada, kwa hiyo usivifanye darasani bila idhini ya wazazi. Tambi za taa, na vitafunio kama chevda na barfi za kununua dukani, hazina tatizo, ila uliza kuhusu mzio wa njugu. Na kama kuna mwanafunzi anayependa historia, mwambie kwamba Muhammad wa Ghor, mtawala Mwislamu aliyeshinda kaskazini mwa India mwishoni mwa karne ya 12, alitoa sarafu za dhahabu zenye jina lake upande mmoja na Lakshmi upande wa pili, kwa sababu ndizo wafanyabiashara wa huko walizozoea kuziamini.

Kalenda za dukani zenye picha ya Lakshmi tuzitupe wapi mwaka ukiisha?

Sura hiyo ya kalenda, sari nyekundu na uso mtulivu, inatokana kwa sehemu kubwa na mchoraji Raja Ravi Varma, aliyefungua kiwanda cha kuchapa picha mwaka 1894. Kabla ya hapo watu wengi hawakuwa na picha ya rangi ya mungu nyumbani. Sasa zimejaa mno, na watoto huona vibaya kuitia Lakshmi kwenye pipa la taka. Zamani ziliachiliwa mtoni au baharini. Karatasi za leo zina plastiki na wino mbaya, kwa hiyo msizipeleke ufukweni. Mahekalu mengi hupokea picha na sanamu za zamani. Ulizeni la karibu nanyi. Vinginevyo mtoto achimbe shimo dogo bustanini, aweke picha na ua moja, afukie. Fremu na kioo mvitoe kwanza.